Mzee Aliyeondoka Kwa Mfaransa Bila Kula

Aliyemwambia Vaileth habari ile kwa mara ya kwanza ni Koikai, mlinzi wa Kwa Mfaransa, asubuhi alipokuwa anatoka lindo. Alisimama mbele ya sufuria la uji, fimbo kwapani, akapokea kikombe chake, akapuliza mvuke, kisha akasema:

— Mama Elinaza, baba yako jana hakula.

— Hakula kabisa?

— Hakugusa. Aliinuka, akachukua kofia yake, akapita getini kwangu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika.

Vaileth aliendelea kukoroga uji, ingawa ulikuwa umeiva zamani. Kwa mzee wa kijiji kama Kikwe, kutoitikia shikamoo si jambo dogo. Mzee Anaeli huitikia hata salamu za walevi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Vaileth alimzaa Elinaza kabla mzee yeyote hajabeba pombe kwenda kwa baba yake kumposa. Tangu mimba ilipoonekana alikuwa akiishi Daraja Mbili kwa shangazi yake, na baba yake hakuwahi kumwita yeye wala kuuliza sura ya mtoto. Baba wa mtoto, Abdiel, ni Mchaga aliyekulia mjini, dereva wa watalii. Alikuwa amekwisha kuwaomba wazee wake wa Machame, nao wamekubali kwenda Kikwe Jumamosi kutengeneza mambo. Lakini Abdiel akaona kwanza amwalike mzee peke yake, amwombe radhi ana kwa ana, tena mahali pazuri kuliko pote alipopajua. Ndipo akampeleka Kwa Mfaransa, hoteli mpya ya njia ya Njiro, ambako kila siku huwashusha wageni wake na kuwasubiri nje ndani ya gari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi mezani pale. Na alfajiri hii, kabla hata Koikai hajatoka lindo, Abdiel alikuwa njiani kuelekea Serengeti na wageni. Atarudi Jumamosi mchana. Mzee akifunga geti siku hiyo, wazee wa Machame hawatakwenda Kikwe mara ya pili, na Elinaza atabaki kuwa mtoto wa nyumbani kwa shangazi.

Hatua chache kutoka kwenye sufuria la Vaileth kuna benchi, ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, ukutani mwa duka la vipuri. Tangu mahakama ya kimataifa iletwe mjini, wenye benchi huliita Rufaa, kwa kuwa hapo kesi haiishi. Mzee Birika huwamiminia kahawa kwenye vikombe vidogo na haongei, labda kahawa ikikaribia kwisha. Watatu hawakosi asubuhi hata moja. Ephraimu, mwenye duka la vipuri, anaitwa Soko Huria. Yona, tarishi kwenye jengo la mikutano, anaitwa Itifaki. Sylvanus, fundi bomba, anaitwa Injinia na anapenda hivyo. Vaileth huwapa mgongo, mtoto akiwa amefungwa kwa kanga, na kwa miezi yote aliyouza uji pale hajawahi kusema nao neno zaidi ya karibuni na asanteni.

Koikai alipokwenda kuketi, habari ilikwenda naye.

— Hakula? Kwa Mfaransa? Ephraimu aliuliza kama aliyetukanwa yeye. Mimi nimekula pale. Nililetewa supu ya vitunguu, juu imefunikwa jibini lililoungua kidogo. Nilifuta bakuli kwa mkate mpaka mhudumu akadhani limetoka kuoshwa.

— Ukashiba? Yona aliuliza.

— Kushiba ni habari za enzi za foleni, wakati wa mgao wa duka la kaya. Soko huria mtu anakula utamu.

— Utamu gani, Soko Huria? Yona alisema. Mimi nilimpeleka Mama Susana siku ya kukumbuka ndoa yetu. Imeletwa sahani pana kama usukani wa lori, na nyama katikati kama kifungo cha koti. Mke wangu akaniuliza, Baba Susana, hii ndiyo yenyewe au wametuletea picha kwanza?

Benchi lilicheka. Hata Mzee Birika alitikisika mabega.

— Ulimjibu nini?

— Nilimwambia atafune polepole. Tulipotoka akanisimamisha kwa wachoma nyama, akala mishikaki kwa hasira, hakunikaribisha.

— Nyinyi mlikula mezani, ndiyo maana, alisema Sylvanus. Mimi niliitwa kuzibua sinki, nikapewa chakula jikoni. Maharage.

— Maharage!

— Maharage na nyama ya bata, yamelala jikoni usiku mzima. Mimi nimezaliwa Kibosho, nimekula maharage tangu sina meno. Yale sijawahi kuyala. Nililia.

— Acha fiksi, Injinia.

— Kulikuwa na vitunguu karibu, sikatai. Lakini nililia.

Koikai alijikohoza.

— Mimi nilikuwa kwenye dirisha la kando ya mlango, nikaona wakati mhudumu...

— Ngoja kidogo, Koikai, Ephraimu alimkata. Wewe hujala pale. Hapa wanazungumza walaji.

— Nalinda pale kila siku.

— Unalinda geti. Ladha hailindwi. Sasa, mimi naona hivi. Mzee wa watu ametoka Kikwe, ana ndizi zake, ana ng'ombe wake, kwake mgeni akija anajaziwa. Kaletewa kile kifungo cha koti alichosema Itifaki. Akaona, kumbe binti yangu anaolewa na watu wenye njaa. Akaondoka.

— Hapana, alisema Yona. Kosa ni kiti. Kwenye jengo letu, mgeni rasmi hapewi kiti kinachotazama ukuta. Anatazama mlango, aone wanaoingia. Nina hakika yule kijana alimkalisha mzee mgongo kwa mlango. Hiyo ni kumwambia mtu kwamba hata yeye mwenyewe hakuwa anangojwa.

— Alikuwa anatazama mlango, Koikai alisema.

— Una hakika?

— Alikuwa ananitazama mimi. Ndipo yule mhudumu akaja na chupa ya...

— Basi siyo kiti, Yona alikubali, akaonekana amepoteza kitu. Basi ni mishumaa.

— Mishumaa imefanya nini?

— Umeme upo, haujakatika, mtu anazima taa anawasha mishumaa. Kwa nini? Hataki uone unachokula!

— Hapo sasa umefika! Sylvanus aliweka kikombe chini. Mimi nimekuwa jikoni kule. Nimeona kopo limejaa konokono. Wa kula. Nikamuuliza mpishi, na vyura je, akacheka tu. Mtu asiye na vyura hachekagi hivyo. Mzee Anaeli ni mzee wa kanisa. Amewekewa chura kwenye giza la mshumaa, amemtambua kwa paja.

— Mwenyewe umekula kule ukalia kwa utamu.

— Nimekula maharage! Mimi nilikuwa jikoni kwenye taa!

Vaileth alimwekea uji mwanafunzi mmoja, kikombe kikafurika, ukamwagika kidoleni. Baba yake hakuwa mtu wa kuogopa chakula. Wakati wa njaa aliwahi kula mizizi wasiyoijua jina, akawachekesha watoto kwa kuipa majina.

Benchi lilikuwa limepata joto. Ephraimu aliinama mbele, akapunguza sauti, jambo lililowafanya hata wapita njia wasimame.

— Sikilizeni. Tusidanganyane na vyura. Mfaransa ni mwekezaji au siyo mwekezaji?

— Ni mwekezaji.

— Mwekezaji anataka nini?

— Ardhi.

— Mzee Anaeli ana nini Kikwe?

— Ana shamba! Yona alijibu, akapiga goti lake.

— Tena lenye mfereji. Sasa jiulizeni, dereva wa watalii anapata wapi ubavu wa kumkalisha mtu pale? Mimi mwenyewe mwenye duka nilijifikiria mwezi mzima. Yule kijana ni dalali. Chakula kilikuwa cha kumlainisha mzee aweke dole gumba kwenye karatasi. Mzee akashtuka. Soko huria hilo.

— Nilimwona Mfaransa akizunguka meza zote, Sylvanus aliongezea. Anacheka na kila mtu. Kwa nini acheke na kila mtu?

— Anapima mashamba.

— Na ana binti, alisema Yona. Binti mkubwa. Yumo humo humo hotelini, anashika kalamu ya hesabu. Mimi sisemi kitu. Lakini mwanamume akiwa dalali wa mtu, halafu mtu huyo ana binti...

— Itifaki!

— Nimesema sisemi kitu.

Wote watatu walitupa macho kwenye mgongo wa Vaileth kwa pamoja, kisha wakayarudisha kwenye vikombe. Vaileth aliyahisi. Alijua pia njia ya maneno. Benchini palikuwa na wauza mboga wa Tengeru waliosimama kusikiliza wakisubiri kahawa, na wauza mboga wa Tengeru hurudi Tengeru kabla ya adhuhuri. Kutoka Tengeru hadi Kikwe neno halihitaji gari. Kabla ya jioni baba yake angesikia kwamba mkwe wake alitaka kuuza shamba lake, na kwamba ana mchumba wa Kifaransa. Baada ya hapo hakuna mzee wa Machame wa kufunguliwa geti.

Koikai alikuwa amesimama, ameshika fimbo yake, anataka kwenda kulala.

— Mwacheni Koikai aseme.

Haikuwa sauti kubwa, na iliwachukua muda kutambua imetoka wapi. Vaileth alikuwa amegeuka. Upawa ulikuwa bado mkononi, unadondosha uji kwenye kiatu chake.

— Kaka Koikai, keti tafadhali. Ulisema mhudumu alikuja na chupa.

Koikai aliketi. Alilitazama benchi kuona kama kuna wa kumkata. Hakukuwepo.

— Mvinyo, alisema. Chakula kilikuwa hakijaja hata kimoja. Hakuna konokono, hakuna chura. Mhudumu alifungua chupa. Akammiminia mzee kidogo, chini kabisa ya bilauri, kama dawa ya mtoto. Kisha akasimama, mkono nyuma. Anangoja. Mzee akamtazama mhudumu. Akamtazama Abdiel. Abdiel akamfanyia hivi kwa mkono, onja, mzee. Anatabasamu sana. Meza ya jirani nao wakageuka, wanangoja. Wote wanamngoja mzee anywe.

— Na bilauri ya Abdiel? Vaileth aliuliza.

— Tupu.

— Hakunywa kwanza?

— Hakunywa.

— Wala mhudumu?

— Wala mhudumu. Mzee aliisukuma ile bilauri katikati ya meza kwa kidole kimoja. Akachukua kofia.

Sylvanus alijipiga paji la uso.

— Ah, Mungu wangu. Sisi wote hapa tunajua.

— Tunajua nini? Ephraimu aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha naye anajua.

— Kwetu Kibosho, mama akileta mbege, pombe yetu ya ndizi, anakunywa kwanza yeye, mbele ya macho yako. Uone haina kitu. Ndipo anakupa. Nani wa kwenu asiyefanya hivyo?

— Kwetu Akheri ni hivyo hivyo, Yona alisema. Hata ndugu kwa ndugu. Hata siku ya harusi.

— Mzee ameitwa na kijana aliyempa binti yake mimba, Sylvanus aliendelea. Hawajasuluhishwa. Analetewa kinywaji asichokijua, mwenyeji hanywi, anaambiwa aonje yeye. Tena wote wanamkodolea macho. Wewe ungedhani nini?

— Lakini kwa Mfaransa ndiyo heshima! Ephraimu alilalamika. Mkubwa wa meza ndiye anayeonja. Akikataa, chupa inarudi. Nilipoonjeshwa mimi nilijiona waziri!

— Hukushtuka?

Ephraimu alikizungusha kikombe chake.

— Nilishtuka. Niliona aibu kuuliza. Nikanywa huku naomba kimoyomoyo.

Safari hii hawakucheka sana. Yona alisema taratibu kwamba Abdiel bila shaka amewaona wageni wake wakionjeshwa mara nyingi kupitia dirishani, akachukua ile heshima kubwa kuliko zote alizoziona, akampa mzee. Koikai alisema ndiyo, kijana alibaki mezani peke yake mpaka mishumaa ikafupika, naye hakula.

Hapo ndipo Hedwiga, mama mmoja aliyekuwa anapita na tenga la ndizi kichwani, alipotua mzigo wake ukutani ili anywe uji. Wanaume walimsimulia wote kwa mpigo, kila mmoja akianzia mahali pake, Sylvanus akianzia kwenye maharage. Hedwiga alisikiliza huku anakunywa. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

— Basi ni jambo la kueleweshana tu, alisema. Nani kati yenu anakwenda kumweleza mzee kabla ya Jumamosi?

Ephraimu alitazama mlango wa duka lake. Sylvanus alikumbuka kuna nyumba Njiro maji yanatiririka tangu jana. Yona alifungua mdomo, na kila mtu akangoja aseme itifaki yake, lakini aliufunga. Koikai alisema hawezi, salamu yake haijaitikiwa.

— Nyinyi wote? Hedwiga aliuliza.

Mzee Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Ephraimu. Lilitoka tone moja jeusi na machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Wakainuka mmoja mmoja. Wauza mboga wa Tengeru walikuwa wamekwisha kwenda, na hakuna aliyejua waliondoka kabla ya habari ya mvinyo au baada.

Asubuhi iliyofuata Vaileth hakwenda kuuza. Alipika uji wa ulezi kidogo tu, akautia kwenye chupa ya chai, akamfunga Elinaza mgongoni, akapanda kifodi, kibasi cha kwenda Kikwe. Alipofika Kikwe alimkuta baba yake uani, anakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Mbwa alimfahamu, akaja kumnusa miguu. Mzee Anaeli hakuacha kukata.

— Shikamoo, baba.

Panga lilishuka mara mbili tatu.

— Marahaba.

Vaileth alikuwa amejiandalia maneno njiani, yote yakamtoka. Alipiga magoti. Akafungua chupa, akamimina uji kwenye kikombe, akanywa mafunda mawili mbele ya macho ya baba yake, akafuta ukingo kwa kiganja, kisha akamnyooshea kwa mikono yote miwili.

Mzee alikitazama kikombe bila kukipokea.

— Hayo nani kakufundisha?

— Marehemu mama.

— Na yule kijana, kwao hawana mama?

— Alikulia mjini, baba. Ile hoteli huwa anaitazama akiwa nje. Kule mkubwa wa meza ndiye anayeonjeshwa, akikataa chupa inarudishwa. Alitaka mkubwa awe wewe.

— Mbele ya wazungu, Mzee Anaeli alisema. Nimewekewa tone kama paka.

— Ndiyo, baba.

— Na nimesikia kuna Mfaransa anataka shamba.

— Huyo ni wa maneno ya benchini mjini, baba. Hayupo.

Mzee aliegemeza panga kwenye mgomba. Akafuta mikono kwenye suruali, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Akapokea kikombe. Alikunywa funda moja.

— Hauna sukari.

— Ulikuwa unaupenda hivyo.

Alikunywa mpaka mwisho, akakigeuza kikombe chini kuonyesha kimekwisha, akamrudishia. Macho yake yalikuwa yamepita bega la Vaileth, kwenye kichwa kidogo kilichokuwa kinachungulia kutoka kwenye kanga.

— Vibuyu vina vumbi, alisema. Tangu mama yako aondoke hakuna aliyevishika. Hao wa Machame watanywea nini kesho?

Vaileth alifungua kanga, akamweka Elinaza mikononi mwa babu yake bila kuomba ruhusa, akaingia jikoni kuvitoa vibuyu, na akaanza kuviosha.